Handaki la SSH: nani anaona nini unapovinjari kupitia seva yako

Fungua tovuti ya benki yako ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli pale Mwanza, na mwenye Wi-Fi hataona salio lako wala nenosiri lako. Tovuti karibu zote tunazotumia leo huanza na https, maana yake mazungumzo kati ya kivinjari chako na benki yamesimbwa kwa njia fiche. Ruta ya hoteli hupitisha herufi zisizosomeka.

Anachoona ni kitu kingine. Anaona jina la benki. Anaona saa uliyoingia, muda uliokaa na kiasi cha data ulichopakua. Akizipanga tovuti zote ulizofungua tangu jioni hadi asubuhi, benki, kliniki, ukurasa wa nafasi za kazi, gazeti, anapata habari za maisha yako ambazo huenda hata ndugu zako hawana. Kampuni inayoiuzia hoteli intaneti nayo iko kwenye nafasi hiyo hiyo. Kufuli dogo linaloonekana kwenye kivinjari hufunga maneno yenu wawili. Halifichi unazungumza na nani.

Hilo ndilo jambo linaloshughulikiwa siku hizi na handaki la SSH, yaani njia iliyosimbwa inayoipeleka data ya kivinjari chako hadi kwenye kompyuta ya mbali (seva) ndipo itoke kwenda kwenye tovuti, na ni vizuri kulisema mapema kwa sababu miongozo mingi kuhusu jambo hili iliandikwa enzi nyingine. Zamani tovuti nyingi zilisimba ukurasa wa kuingilia tu, halafu kurasa zinazofuata zikaenda wazi. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, nyongeza ya Firefox iliyomwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye mgahawa wenye Wi-Fi isiyo na nenosiri kunasa vidakuzi (alama ambazo tovuti hukutambua kwazo ukishaingia) vya watu wa meza za jirani na kuingia kwenye akaunti zao za Facebook bila kujua nywila zao. Wakati huo handaki lilikuwa dawa ya haraka. Baadaye tovuti kubwa zikahamia https kwa kurasa zote, na shirika la Let's Encrypt lilipoanza kutoa bure vyeti vinavyohitajika kwa https mwishoni mwa 2015, tovuti ndogo nazo zikafuata. Anayelitumia handaki leo analenga mambo mawili: kuificha orodha ya anakokwenda isionwe na mtandao aliokaa juu yake, na kubadilisha mahali anapoonekana ametokea.

Lilikotoka

SSH haikutengenezwa kwa ajili ya kuvinjari. Mwaka 1995 kulitegwa programu ya kunasa manenosiri kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland. Enzi hizo mtu aliyetaka kuiendesha kompyuta ya mbali alitumia Telnet au rlogin, na nenosiri lake lilisafiri kama alivyoliandika. Yeyote aliyekaa katikati ya njia alilisoma. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, akaandika programu mbadala iliyosimba mazungumzo yote, akaitoa mwaka huo huo. Aliomba ipewe poti (mlango wenye namba ambao programu ya mtandao husikilizia) namba 22, iliyokuwa haina mwenyewe kati ya 21 ya FTP, ya kuhamisha faili, na 23 ya Telnet, naye akapewa. Mwaka 1999 watu wa mradi wa OpenBSD wakatoa OpenSSH, toleo la bure ambalo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ndilo lililomo leo kwenye Linux, kwenye macOS na, tangu 2018, kwenye Windows 10.

Kilichomo ndani yake, ambacho wengi wanaoitumia kila siku hawajawahi kukigusa, ni kwamba muunganisho mmoja wa SSH unaweza kubeba njia nyingi kwa wakati mmoja. Njia moja hubeba amri unazoandika. Nyingine zinaweza kubeba data ya programu yoyote, kivinjari kikiwemo.

Fikiria uko Mbeya na una barua kumi za watu tofauti wa Dar es Salaam. Unazitia zote kwenye begi, unalifunga kwa kufuli, unampa kondakta wa basi alifikishe kwa binamu yako Kariakoo. Kondakta anajua jambo moja tu: begi linakwenda kwa binamu. Binamu ana ufunguo wa pili. Analifungua, anazigawa barua mjini, anapokea majibu, anayatia kwenye begi na kulirudisha. Waliopokea barua wanaona zimeletwa na mtu wa Kariakoo. Wewe wa Mbeya hawakuoni. Binamu naye, hata kama kila bahasha imegandishwa kwa gundi, ameyasoma majina yote yaliyoandikwa juu. Basi ni Wi-Fi ya hoteli pamoja na kampuni ya intaneti iliyo nyuma yake. Binamu ni seva unayoikodi. Gundi ya bahasha ni https.

Kwa hiyo handaki haliyaondoi macho yanayotazama safari zako. Linayahamisha. Hoteli na kampuni ya simu hubaki wakitazama begi lililofungwa. Walioingia mahali pao ni seva yako, kampuni inayokukodisha seva hiyo, na mtandao unaoiunganisha na dunia. Kabla ya kuandika amri hata moja, jiulize kama hao wa pili unawaamini kuliko wale wa kwanza. Aliyeko uwanja wa ndege, hotelini au kwenye ofisi asiyoijua ana jibu jepesi. Aliyekaa nyumbani kwake, kwenye intaneti aliyoilipia kwa jina lake na asiyoitilia shaka, kwa maoni yangu mara nyingi hana anachopata zaidi ya kivinjari kizito.

Amri moja, na kinachotokea ndani yake

Unahitaji seva yenye anwani ya IP inayofikika kutoka popote. Kompyuta ndogo iliyoachwa inawaka nyumbani inaweza kufaa, ila mitandao yetu mingi ya simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kompyuta iliyo nyuma ya anwani hiyo haifikiki kutoka nje. Ndiyo maana wengi hukodi seva ndogo ya Linux kwenye kampuni za wingu kwa dola chache kwa mwezi. Kampuni hizo hutaka kadi. Kenya, kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa ndani ya M-Pesa imewafungulia njia watu wasio na kadi ya benki.

Ukishaipata, amri yenyewe ni hii:

`ssh -N -D 1080 juma@203.0.113.10`

`juma` ni jina la akaunti yako kwenye seva, na namba inayofuata ni anwani ya seva (hiyo niliyoandika ni ya mifano tu, haimfikii mtu). `-N` inasema hutaki kuandika amri upande wa pili. `-D 1080` ndiyo kazi yenyewe: inaiambia SSH ifungue poti 1080 ndani ya kompyuta yako na ikae hapo ikisubiri kivinjari. Miongozo ya zamani huongeza `-C` ili data ibanwe. Iache. Kurasa na picha za siku hizi zinatoka kwenye tovuti zikiwa zimeshabanwa, na kilichosimbwa hakibaniki tena. Utaichosha kompyuta bure.

Kisha Firefox. Kwenye mipangilio yake, shuka hadi mwisho wa ukurasa wa kwanza kwenye sehemu ya mtandao, chagua kuweka proksi (mpatanishi anayepitisha data ya kivinjari) kwa mkono, andika `127.0.0.1` kwenye nafasi ya SOCKS na `1080` kwenye nafasi ya poti, chagua SOCKS v5. Anwani ya 127.0.0.1 ni kompyuta yako yenyewe. Napendelea Firefox kwa kazi hii kwa sababu ina mipangilio yake ya proksi; Chrome kwa kawaida hufuata ya mfumo mzima wa kompyuta, usipoianzisha kwa amri yenye `--proxy-server="socks5://127.0.0.1:1080"`.

SOCKS ndiyo lugha ambayo kivinjari na SSH wanazungumza pale kwenye poti 1080. Toleo lake la tano liliandikwa rasmi Machi 1996 kwenye waraka wa RFC 1928, na ni lugha fupi mno. Kivinjari kinatuma baiti tatu, `05 01 00`: ninatumia toleo la 5, ninajua njia moja ya kujitambulisha, nayo ni ya kutojitambulisha kabisa. SSH inajibu `05 00`: sawa. Kivinjari kinatuma `05 01 00`, yaani toleo la 5, nifungulie muunganisho, na baiti ya akiba. Halafu inakuja baiti ya nne, na hiyo nawaomba muiangalie kwa makini. Ikiwa ni `01`, kinachofuata ni anwani ya IP. Ikiwa ni `03`, kinachofuata ni jina la tovuti, kwa mfano www.nbs.go.tz. Mwishoni hufuata namba ya poti, ambayo kwa https ni 443.

SSH inaibeba habari hiyo ndani ya njia mpya ya muunganisho wake hadi kwenye seva. Seva inafungua muunganisho wa kawaida kwenda kwenye tovuti, na kuanzia hapo inapitisha baiti huku na huku bila kuzielewa. Tovuti inaiona anwani ya seva.

Jina linapovuja

Ile baiti ya nne ndiyo inayotenganisha handaki linaloficha na handaki linalodanganya.

Kompyuta haifiki kwenye tovuti kwa jina. Lazima kwanza iulize mfumo wa DNS: www.nbs.go.tz ina anwani gani? Swali hilo, kwa desturi ya tangu zamani, hutumwa wazi. Ukiwa na Linux au Mac, fungua dirisha la amri, andika `sudo tcpdump -n port 53` (tcpdump ni programu inayoonyesha data inayopita kwenye mtandao wa kompyuta yako), kisha fungua tovuti hiyo kwenye kivinjari ambacho hakijawashwa DNS iliyosimbwa. Miongoni mwa mistari itakayojitokeza utaona wa namna hii:

`IP 192.168.1.23.51544 > 192.168.1.1.53: 4127+ A? www.nbs.go.tz. (31)`

Ya kwanza ni kompyuta yako, ya pili ni ruta ya hoteli, na jina la tovuti limekaa hapo kwa herufi za kawaida. Mtu mwenye ruta hahitaji ujuzi wowote kulisoma.

Sasa chukua kivinjari kilichowekewa proksi lakini kinachotuma `01`. Ili kitume anwani ya IP, ni lazima kiwe kimeshaijua, na ili kiijue kimeshauliza DNS ya hoteli. Ukurasa wenyewe utapita ndani ya handaki vizuri kabisa. Ukipima anwani yako utaambiwa uko Ujerumani. Kumbe jina la kila tovuti limetangazwa nje ya handaki sekunde moja kabla. Kwa mtu aliyelijenga handaki ili kuficha anakokwenda, kazi yote imepotea, na hakuna kitu kwenye skrini kitakachomwambia.

Kivinjari kinachotuma `03` hakiulizi chochote. Kinalikabidhi jina lenyewe, na seva ndiyo inayouliza DNS huko iliko. Kwenye Firefox kuna kisanduku chini ya sehemu ya proksi kilichoandikwa "Proxy DNS when using SOCKS v5". Hakikisha kina alama ya tiki. Chrome, ikiambiwa itumie socks5, hupeleka jina. SOCKS v4 ya asili haina nafasi ya jina kabisa, kwa hiyo ukikutana nayo kwenye menyu ipite. Chombo cha curl kinaonyesha tofauti hii waziwazi kuliko vyote: `--socks5` huuliza DNS hapa kwako, `--socks5-hostname` huiachia seva iulize.

Usiamini mipangilio, iangalie. Acha tcpdump ikiendelea kwenye dirisha lake, fungua tovuti ambayo hujawahi kuifungua, na utafute jina lake kwenye mistari. Programu nyingine za kompyuta zitaendelea kuuliza mambo yao. Unachotafuta ni jina ulilofungua wewe. Lisipoonekana, handaki linafanya kazi. Kisha `curl --socks5-hostname 127.0.0.1:1080 https://ifconfig.me` itakuambia dunia inaiona anwani gani.

Kuna mahali pa pili jina linapotajwa. Mwanzoni mwa https, kabla usimbaji haujakamilika, kivinjari hulitaja jina la tovuti waziwazi ili seva yenye tovuti nyingi ijue itoe cheti kipi. Ndiyo maana kuwasha DNS iliyosimbwa peke yake hakutoshi kuwafumba macho watu wa mtandao. Teknolojia ya kulificha jina hilo ipo, ila tovuti nyingi bado hazijaiwasha. Ndani ya handaki, tamko hilo linasafiri likiwa limefungwa hadi kwenye seva, na linaanza kuonekana tena kuanzia seva kwenda mbele.

Mara ya kwanza kuunganishwa

Mara ya kwanza unapoiita seva, SSH itakuandikia kwamba haiwezi kuthibitisha uhalali wa mashine hiyo, ikuonyeshe alama ya kidole ya ufunguo wake inayoanza na `SHA256:`, na ikuulize kama uendelee. Karibu kila mtu huandika `yes` bila kusoma. Nalisema hili kwa uzito wote: usalama wote wa handaki umesimama juu ya jibu hilo. Mtu aliyeishika ruta ya hoteli anaweza kujifanya seva yako, akupe ufunguo wake, na kama hukuulinganisha na kitu chochote, umelifunga begi kwa kufuli lake.

Kulinganisha si kugumu. Kampuni za wingu hukupa dirisha la kuingia kwenye seva kupitia tovuti yao. Ingia humo, andika `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, na utaona alama ile ile, au hutaiona. Wepesi zaidi ni kuunganishwa mara ya kwanza kabla ya safari, ukiwa kwenye mtandao unaouamini. SSH huihifadhi alama kwenye faili la `known_hosts`, na siku ikikuta imebadilika itapiga kelele kwa herufi kubwa na kukataa kuendelea. Kama hukuijenga seva upya wewe mwenyewe, usilifute faili hilo ili kelele ziishe. Funga kompyuta, utumie bando lako la simu.

Upande wa seva, zima kuingia kwa nenosiri na utumie jozi ya funguo, wa siri unaobaki kwako na wa umma unaowekwa kwenye seva, inayotengenezwa na `ssh-keygen -t ed25519`. Seva yenye poti 22 iliyo wazi kwa dunia hugongwa mchana na usiku na programu zinazobahatisha manenosiri. Na upande wako, usiandike `-D 0.0.0.0:1080` kama miongozo mingine inavyoelekeza. Hiyo inaifungua proksi kwa kila aliyeko kwenye Wi-Fi ile ile, na ile baiti ya `00` tuliyoiona inamaanisha haulizwi mtu jina wala nywila.

Kisichopita humo

Handaki la `-D` linakibeba kivinjari ulichokielekeza, basi. WhatsApp iliyoko kwenye kompyuta, barua pepe, programu inayopakia picha zako kwenye wingu, masasisho ya mfumo: vyote hivyo vinaendelea kupita kwenye Wi-Fi ya hoteli kama kawaida. Hapa ndipo handaki linapotofautiana na VPN, ambayo hujaribu kuumeza mtandao wote wa kompyuta.

Data husafiri mtandaoni kwa taratibu kuu mbili, TCP na UDP; handaki hili hubeba TCP peke yake, halibebi UDP. Kwa kurasa za kawaida hilo halina madhara, kwani kivinjari chenye proksi hurudi kwenye TCP chenyewe. Tatizo ni simu za video ndani ya kivinjari. Teknolojia ya WebRTC inayoziendesha hutafuta njia fupi ya UDP kati ya wazungumzaji, na katika kutafuta huko inaweza kutoka nje ya proksi na kuitaja anwani yako halisi. Kwenye `about:config` ya Firefox kuna kipengele `media.peerconnection.ice.proxy_only`, kikiwekwa kweli, WebRTC inalazimika kufuata proksi, na huenda simu za video zikakwama. Mimi naona ni afadhali zikwame.

Vidakuzi navyo havijali handaki. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google kupitia seva iliyoko Frankfurt, Google inajua ni wewe, isipokuwa leo unaonekana Frankfurt. Tengeneza wasifu wa pili wa Firefox kwa `firefox -P`, uuwekee proksi, na uutumie kwa safari za handaki tu. Faida nyingine ni kwamba SSH ikikatika, wasifu huo unakuambia proksi imekataa na ukurasa haufunguki. Hauchepuki kimyakimya kupita njia ya wazi, na hiyo ni tabia njema kuliko ya baadhi ya VPN.

Umbali

Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Chukua seva iliyoko Ulaya na njia ya nyaya ya kilomita 10,000 kutoka Dar es Salaam kupitia Bahari ya Shamu. Kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde kabla hata ya kuhesabu foleni za njiani, na ukurasa mmoja huhitaji kwenda na kurudi mara kadhaa.

Jambo linaloudhi zaidi ni tovuti za nyumbani. Tanzania na Kenya zina vituo vya kubadilishana data, TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi, vilivyowekwa ili data ya ndani isilazimike kuvuka bahari. Ukikaa Dar, ukafungua tovuti iliyoko Dar kupitia seva ya Ujerumani, umevuka bahari mara mbili kumtembelea jirani. Firefox ina nafasi ya kuorodhesha tovuti zisizopitia proksi, ukiandika `.go.tz` humo utapata kasi, na hoteli itajua unapotembelea tovuti za serikali. Hapo kila mtu achague mwenyewe.

Seva ya Afrika Kusini iko karibu zaidi kwa kilomita, lakini ukaribu huo una masharti. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda kwa siku kadhaa. Handaki linapita kwenye nyaya zilezile za kila mtu. Zaidi ya hapo, kurasa zako zote zimo ndani ya muunganisho mmoja wa TCP. Pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, ikipotea, vichupo vyote vinaisubiri.

Kwa Wi-Fi zinazokata muunganisho uliokaa kimya, andika mistari hii kwenye `~/.ssh/config`, kisha amri yako itakuwa `ssh -N handaki` tu:

```
Host handaki
    HostName 203.0.113.10
    User juma
    DynamicForward 1080
    ServerAliveInterval 60
    ExitOnForwardFailure yes
```

Wi-Fi inayoonyesha ukurasa wa kuingiza namba ya chumba au ya simu hutaka uumalize ukurasa huo kwanza, kwa wasifu wa kawaida. Kabla ya hapo SSH haitoki.

Handaki na mamlaka

SSH haijifichi. Maneno ya kwanza ya kila muunganisho wake, yanayotumwa wazi, ni kujitaja: `SSH-2.0-OpenSSH` na namba ya toleo. Kuihamisha kutoka poti 22 kwenda 443 huipitisha kwenye mitandao ya ofisi inayozuia kwa namba za poti. Mtandao unaoyasoma maneno hayo ya mwanzo utaitambua palepale. Kilichomo ndani hakionekani; kwamba una handaki, kinaonekana.

Hilo lina uzito kisheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo likiwataka watumiaji wa VPN Tanzania kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Msomaji wa Tanzania alijue tangazo hilo, asidhani kwamba handaki la SSH halimhusu kwa kuwa jina lake si VPN. Mwajiri naye anaweza kuwa na kanuni zake kuhusu kompyuta za ofisi.

Tena handaki lenyewe lina mpaka wake. Uganda ilipotoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018, watu wengi waliikwepa kwa VPN, na handaki lingeweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa kuwa njia ya kutoka nje ilikuwepo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi ilipozimwa, hakukuwa na handaki wala VPN iliyosaidia. Zote hupita juu ya intaneti.

Anwani yenye jina lako

OpenSSH, kwa mipangilio yake ya kawaida, huandika kwenye kumbukumbu za seva nani ameingia na saa ngapi, haiandiki tovuti alizozifikia. Kampuni ya wingu, hata hivyo, inaiona data ikitoka na inajua akaunti imelipiwa na kadi ya nani. VPN ya kibiashara huwachanganya wateja wengi kwenye anwani moja. Seva yako ina anwani moja na mteja mmoja. Baadhi ya tovuti zitakusumbua kwa maswali ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti, au zitakukatalia kabisa, kwa sababu zinajua anwani hiyo ni ya kituo cha data. Benki yako inaweza kuifunga akaunti kwa muda ikiona umeingia kutoka nchi nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo usimpe mtu ufunguo wako wa siri. Atakachofanya kitaandikwa kwenye anwani iliyokodiwa kwa jina lako, na malalamiko yatakuja kwako. Ukitaka kumsaidia ndugu au rafiki, mfungulie akaunti yake kwenye seva, iwekee `/usr/sbin/nologin` mahali pa shell (programu inayopokea amri), mwambie atengeneze jozi yake ya funguo na akutumie ule wa umma. Utie kwenye faili la `authorized_keys` la akaunti hiyo, ukiutanguliza na maneno `restrict,port-forwarding`. Handaki litafunguka, naye hataweza kuandika amri. Siku mkiachana njia, unaufuta mstari mmoja. Ila kumbuka kwamba handaki hufika pia kwenye programu zinazosikiliza ndani ya seva yenyewe, zile zilizoachwa bila nenosiri kwa kuamini kwamba hakuna wa nje anayezifikia. Kama kwenye seva hiyo kuna hifadhidata ya biashara yako, kodi nyingine kwa ajili ya handaki.